Enkaji haina kibao

Kutoka Kibera hadi Mbuga ya Taifa ya Nairobi si mbali. Ilitangazwa 1946, ya kwanza Kenya, na wengi wetu tunaijua kwa picha za twiga na maghorofa nyuma yake. Lakini pale palikuwa malisho ya Wamaasai. Hata jina la jiji ni lao: maji baridi.

Nyumba yao inaitwa enkaji, na fundi wake ni mwanamke. Anachomeka fito ardhini, anazipinda, anazifunga, kisha anakandika kwa mavi ya ng'ombe na udongo. Mlango ni wa kuinama. Mwenye nyumba ni yeye.

Wakihama, mvua na mchwa wanamaliza kila kitu. Pale Karen, nyumba ya mawe ya Karen Blixen, iliyojengwa 1912, ni makumbusho tangu 1986. Enkaji haina kibao wala tiketi. Ndiyo maana ni rahisi mtu kuiangalia mbuga na kusema hapakuwa na watu.

Mimi ni wa Kawangware, hii hesabu naielewa. Julai 2018 matingatinga yalipita Kibera kufungua barabara, yakaangusha nyumba za matope na mabati. Leo magari yanapita juu ya vyumba vya watu, na dereva hajui.

Kwa hivyo kama shosho wako aliishi pale, muulize sasa: mlango ulitazama wapi, jiko lilikaa upande gani, jirani alikuwa nani. Kisha andika.