Skrubu Ndani ya Jino: Historia ya Kulegea na Kuvunjika

Mwaka 1952, mjini Lund nchini Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Vifaa vyake vilikuwa vya titani, na alipotaka kuvitoa avitumie tena, vikagoma: mfupa ulikuwa umeshikamana na metali. Waliomtangulia katika kupanda meno ya metali, kuanzia Greenfield wa Marekani mwaka 1913 hadi ndugu Strock wa Boston katika miaka ya 1930, wote walibabaishwa na swali moja, kama mfupa utakubali. Sasa jibu lilikuwa limepatikana, lakini kwa jibu hilo udhaifu ulihama kutoka mfupani ukaingia kwenye chuma.

Mwaka 1965, mjini Gothenburg, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya, alipandikiziwa na Brånemark vipandikizi vinne vya titani katika taya la chini. Alivitumia hadi alipofariki mwaka 2006. Baadaye utaratibu uliozoeleka ukawa vipandikizi vitano au sita katika taya lisilo na jino hata moja, vyote vikibeba daraja moja la meno lililofungwa kwa skrubu ndogo za dhahabu. Skrubu ilichaguliwa kwa makusudi: daraja liweze kufunguliwa na kurudishwa, na mzigo ukizidi, kianze kuvunjika kitu kidogo kinachobadilishika kabla ya kipandikizi chenyewe. Mkutano ulioitishwa na George Zarb mjini Toronto mwaka 1982 ulifungua milango ya Amerika Kaskazini kwa mbinu hiyo.

Matata yalianza pale wagonjwa waliokosa jino moja tu walipodai nao haki yao. Juu ya kipandikizi cha Brånemark palikuwa na kichwa cha pembesita chenye kimo cha milimita 0.7, kilichokusudiwa kumsaidia daktari kukizungushia kipandikizi mfupani. Katika daraja refu kila jino lilizuiwa na jirani yake lisizunguke; jino la pekee halikuwa na jirani. Pembesita ile fupi ikabebeshwa kazi ambayo haikuundiwa, na miaka ya mwisho ya 1980 mgonjwa kurudi kliniki akisukuma taji lake, yaani jino la bandia lililo juu ya kipandikizi, kwa ulimi, likicheza, halikuwa jambo la ajabu.

Kisa cha kulegea huko ni cha kihandisi zaidi kuliko cha kitabibu. Skrubu ikikazwa hurefuka kidogo, hutaka kurudi kwenye urefu wake, na mvutano huo ndio unaobana taji juu ya kipandikizi. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono humezwa na msuguano. Takriban sehemu moja kwa kumi tu ndiyo hugeuka kuwa mvutano. Tena nyuso za metali zina vijinundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hulala baada ya kukazwa na kupunguza mbano, ndiyo maana madaktari wengi husubiri kama dakika 10 kisha hukaza tena. Utafunaji ukishinda mbano huo, vipande huanza kusogea, skrubu hupinda kidogo kwa kila tonge, na metali ikichoka, hukatika.

Tiba zilifuatana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuja, kwa jino la pekee nalo, skrubu za aloi ya dhahabu na spana yenye kipimo, 32 Newton-sentimita, mahali ambapo zamani vidole ndivyo vilivyokadiria. Gerald Niznick wa Marekani alikuwa ameiingiza pembesita ndani ya kipandikizi, na Waswisi wa kundi la André Schroeder wakatumia koni inayojibana yenyewe. Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na Ronald Jung yalikadiria kulegea kwa skrubu za mataji ya jino moja katika miaka mitano kuwa asilimia 12.7 mwaka 2008, na asilimia 8.8 mwaka 2012. Upungufu huo nisingeuhesabu wote kuwa ushindi wa spana, kwa kuwa tafiti zilizojumlishwa hazikuwa zilezile.

Wengine walikwisha kuikimbia skrubu na kugandisha mataji kwa saruji ya meno. Nayo ilileta balaa lake: mwaka 2009 Thomas Wilson alionyesha kwamba masalia ya saruji chini ya fizi yalihusika katika asilimia 81 ya visa vya ugonjwa wa kuzunguka kipandikizi alivyovichunguza. Skrubu ikarudi kwa heshima.

Leo taji la zirkonia huchorwa kwa kompyuta, na tundu la skrubu linaweza kuinamishwa hadi nyuzi 25 lisionekane usoni. Hata hivyo kuta za kipandikizi chenye kiungo cha ndani ni nyembamba, na mara nyingine hupasuka zenyewe badala ya skrubu. Skrubu ikikatika, kipande kilichobaki kwa kawaida hakibanwi tena. Daktari hukigusa kwa ncha nyembamba, akikizungusha polepole kinyume cha saa hadi kitoke. Kisipotoka na hesi za ndani zikiharibika, kipandikizi kizima, kilichoshikwa na mfupa barabara, huachwa kimelala chini ya fizi au hukatwa kitolewe.