Dawa ya Nywele Ilichoma Miaka Mingi Kabla Mtu Ahesabu

"Vumilia kidogo, bado haijashika." Kama wewe ni msichana uliyelelewa mtaani Nairobi, hiyo sentensi unaijua. Umekaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa kinawaka moto, machozi yako karibu, na msusi anaendelea tu na story zake. Mimi nilianza kuwekwa dawa nikiwa darasa la tano, kwa saluni ya auntie yangu huko Umoja. Tulikuwa tunaambiana kwamba ikichoma ndiyo inafanya kazi.

Sasa wacha niwarudishe nyuma. Mwanzoni mwa karne iliyopita, huko Cleveland, Marekani, kulikuwa na jamaa mweusi, fundi wa cherehani, anaitwa Garrett Morgan. Inasimuliwa kwamba alikuwa anatafuta majimaji ya kuzuia sindano isiunguze kitambaa, na akagundua kwamba yale majimaji yananyoosha manyoya ya kitambaa. Akajaribu kwa mbwa wa jirani. Kisha kwa nywele zake. Kufikia 1913 alikuwa na kampuni inauza krimu ya kunyoosha nywele. (Ni huyu huyu alipata hataza ya ishara ya trafiki mwaka 1923. Jamaa hakuwa analala.)

Baadaye zikaja krimu kali zaidi, zenye sodiamu haidroksaidi, ile kemikali ya kutengeneza sabuni na kuzibua sinki. Na sheria ya Marekani ya 1938 haikutaka bidhaa ya urembo ipate kibali cha serikali kabla ya kuingia sokoni, ukitoa rangi zinazotiwa ndani. Unatengeneza, unauza. Kama kuna shida, itaonekana huko mbele.

Lakini itaonekana na nani? Hapa ndipo watu wa epidemiolojia wanaingia, na kazi yao haina drama kabisa. Huwezi kuchukua wasichana 1,000, uwapake kemikali miaka ishirini kimakusudi, uone nani ataugua. Huo ni ukatili. Kwa hivyo unauliza watu maswali ya kuchosha, unaandika majibu, halafu unangoja. Miaka.

Kati ya 2003 na 2009, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza afya na mazingira, iliyoko North Carolina, iliandikisha wanawake zaidi ya 50,000. Mtafiti Dale Sandler ndiye aliongoza. Wote walikuwa na dada aliyewahi kupata saratani ya matiti, lakini wao wenyewe hawakuwa nayo. Katika mlima wa maswali kulikuwa na moja la kawaida sana: mwaka uliopita, umenyoosha nywele kwa kemikali mara ngapi?

Oktoba 2022 timu ya Alexandra White ikatoa majibu kuhusu saratani ya mfuko wa uzazi (si ile ya mlango wa kizazi tunayochanjiwa, hii ni nyingine). Walifuatilia wanawake 33,947 kwa karibu miaka 11. Waliougua walikuwa 378. Hata baada ya kuzingatia mambo kama umri na uzito wa mwili, waliotumia dawa zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa na hatari zaidi ya mara mbili ya wale ambao hawakutumia.

Hapo mtandao ukashika moto. "Mara mbili" inatisha, lakini ni mara mbili ya nini? Chukua wanawake 1,000 ambao hawatumii: takriban 16 watapata hiyo saratani kufikia miaka 70. Kwa wale wanaotumia sana, ni takriban 40. Maana yake 960 hawataipata. Maana yake pia kuna 24 zaidi, na hao ni mama za watu. Mimi nakataa kuchagua upande mmoja wa hiyo hesabu kwa sababu ya likes.

Kitu kingine watu waliruka: rangi ya nywele haikuonyesha uhusiano na saratani hiyo. Na hatari haikuwa tofauti kwa sababu ya ngozi. Tofauti ni kwamba karibu asilimia 60 ya waliosema wanatumia dawa walikuwa wanawake weusi, ilhali kwenye utafiti wote walikuwa wachache sana. Wanaanza wakiwa wadogo, wanarudia zaidi. Mwaka 2023, watafiti wa Boston ambao wamekuwa wakifuatilia wanawake weusi tangu 1995 wakaona kitu kinachofanana kwa waliokwisha koma hedhi. Kwa ambao bado wanapata hedhi, hawakuona.

Je, ni nini hasa ndani ya kopo? Wanashuku vitu kama paraben na fomaldehaidi, ile ya fomalini ya mochari, na wanasema ngozi iliyoungua inaweza kufyonza kemikali zaidi. Kumbuka ile "vumilia kidogo." Lakini hilo halijathibitishwa, kwa sababu wanawake hawakuulizwa walitumia dawa ya kampuni gani.

Nilimsomea auntie yote haya Jumapili moja, nikidhani nitamshtua. Akaniuliza, "Kwa hivyo ni kopo gani niache?" Nikamwambia utafiti hausemi. Akanyamaza, akaangalia vidole vyake. Amekuwa akishika dawa karibu kila siku kwa miaka 19, na nywele zake mwenyewe ni asilia.

"Na wao walihesabu wanaopakwa," akasema. "Sisi tunaopaka je?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda duka la dawa pale chini, nikamnunulia boksi la glavu.