Ndaye Mulamba: shujaa waliyemlilia angali hai

Mwezi wa pili 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumlilia Ndaye Mulamba. Habari ilikuwa imeenea kwamba amekufa kwenye mgodi wa almasi huko Angola. Haikuwa kweli. Ndaye alikuwa mzima. Alikuwa Cape Town, Afrika Kusini, mkimbizi kama wakimbizi wengine, akilinda magari ya watu pale wanapoyaegesha ili apate chakula cha siku.

Vijana wengi wanaotusikiliza, hasa waliozaliwa katika vita, watauliza: huyo Ndaye ni nani? Wazee wanamjua vizuri.

Alizaliwa 1948 huko Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Alichezea AS Vita Club ya Kinshasa, na mwaka 1973 Vita ikatwaa kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Mwaka uliofuata akaenda Misri na Leopards, timu ya taifa, wakati nchi yetu ikiitwa Zaire. Katika nusu fainali wenyeji Misri walitangulia kwa magoli 2 kwa 0. Zaire ikarudi na kushinda 3 kwa 2, na Ndaye alifunga mawili kati ya hayo. Fainali ilikuwa na Zambia. Ikaisha 2 kwa 2, yote mawili ya kwetu yakiwa ya Ndaye. Siku hizo hapakuwa na penalti za kuamua bingwa, kwa hiyo mchezo ulirudiwa siku mbili baadaye. Zaire ikashinda 2 kwa 0. Mfungaji? Ndaye tena, yote mawili.

Jumla alifunga magoli 9 katika mashindano hayo. Imepita zaidi ya miaka hamsini, wamepita Eto'o, Drogba na wengine wakubwa, lakini hakuna aliyefikisha 9 katika Kombe moja la Afrika. Na tangu mwaka ule nchi yetu haijalitwaa tena kombe hilo.

Mobutu aliwapokea wachezaji kwa shangwe, akawapa nyumba na magari. Miezi michache baadaye wakaenda Ujerumani Magharibi kwenye Kombe la Dunia, nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kufika huko. Pale mambo yakaharibika. Pesa walizoahidiwa hazikuwafikia, na wachezaji wakatishia kugoma. Walicheza na Yugoslavia wakafungwa 9 kwa 0. Katika mchezo huo refa alipigwa teke na Mwepu Ilunga, lakini aliyetolewa kwa kadi nyekundu ni Ndaye, ambaye hakufanya kosa lile. Baada ya hapo serikali ikawageuzia mgongo.

Miaka ikapita. Mwaka 1994 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, likamkumbuka, likamwita Tunisia na kumpa heshima. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amekuja na pesa nyingi. Wakampiga risasi ya mguu, mguu uleule uliokuwa kazi yake. Mwaka 1996 akakimbilia Afrika Kusini.

Habari hii inanigusa kwa sababu nami niliwahi kukutana na shujaa wangu mahali ambapo sikumtegemea. Si mtu wa kombe la Afrika. Ni kapiteni wa ekipe ya kwetu upande wa Rutshuru, ambaye sisi watoto tuligombania kumbebea viatu. Mwisho wa 2008 vita vilitutoa nyumbani tukafika Kibati, kaskazini ya Goma. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Asubuhi moja kwenye foleni ya maji, mbele yangu alisimama mtu mrefu, bidoni mbili za njano mikononi, amevaa koti la mwanamke kwa sababu ya baridi. Akageuka. Alikuwa yeye.

“Papa, si wewe ndiye kapiteni?”

Aliniangalia sana kabla ya kujibu. “Nilikuwa.”

Nikamkumbusha goli lake la kichwa, siku ile mvua ilipofunika uwanja. Akacheka. “Halikuwa la kichwa, mwanangu. Ulinigonga begani ule mupira.”

Mama mmoja nyuma yetu akapiga kelele tusogeze foleni. Wiki hiyohiyo kapiteni alipanga mawe meusi ya volkeno yakawa magoli, akatukusanya vijana tukaanza kucheza. Waliomwandikisha kambini walikuwa wameandika jina lake, idadi ya watoto wake na kijiji alikotoka. Basi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza alikuwa anafanya nini huko kwao.

Ndaye naye hakubaki kwenye magari tu. Huko Cape Town alirudi kwenye mpira, akafundisha timu ndogo za wenyeji, na filamu ikatengenezwa juu ya maisha yake. Alifariki Johannesburg mwezi wa kwanza 2019, akiwa na miaka 70. Alikuwa ameishi miaka zaidi ya ishirini ugenini.

Wandugu, kati ya familia zinazohama leo na godoro kichwani kuna walimu, waganga wa mifupa, waimbaji wa kwaya, mafundi wa radio, na wachezaji walioshangiliwa na mtaa mzima. Vita vinamnyang'anya mtu nyumba na shamba, lakini alichokijua na alichokifanya anatembea nacho. Kinapotea tu pale ambapo hakuna anayemuuliza.

Basi vijana, ulizeni. Mzee aliye kwenye hema la jirani, muulizeni alicheza wapi, na nani, mwaka gani. Andikeni majina kwenye daftari, maana wengi wetu picha zilibaki nyumbani au ziliungua. Na nyinyi wazee, msijibu “nilikuwa” na kunyamaza. Semeni yote. Hata kama lile goli lilikuwa la bega.