Askari Aliyetolewa Aliwe

Ndugu zangu tuliosoma Kolandoto, bila shaka mnaukumbuka ule ubao wa sataranji bwenini, ambao askari wake wawili walikuwa vizibo vya soda. Tuliamini kwamba anayemtoa askari mapema aliwe amekwisha kushinda. Ushahidi wetu ulikuwa mchezo mmoja wa mashindano ya Mar del Plata, Argentina, mwaka 1960.

Boris Spassky wa Umoja wa Kisovyeti, mwenye kete nyeupe, alimtoa askari wa upande wa mfalme katika hatua ya pili tu. Bobby Fischer wa Marekani, kijana wa miaka 17, akamla, kisha akala na mwingine. Kufika hatua ya 29 Fischer akakubali kushindwa. Mwaka 1961 akaandika makala kudai ufunguzi huo haufai.

Nimeurudia mchezo huo mara nyingi nitokapo ofisini, na nakiri tulikosea. Fischer alikuwa na hali nzuri ubaoni. Kilichomwangusha ni makosa yake ya mwishoni. (Waliobishana nami wakati ule wanisamehe.) Naye hakuuficha: aliuweka katika kitabu chake cha michezo 60, kilichotoka 1969.

Mashindano yalipokwisha, wawili hao walilingana kileleni, kila mmoja na pointi 13½ kati ya 15.