Gisaka: Ufalme Uliotwaliwa

Ukitoka hapa Kabeza ukaifuata barabara ya mashariki, ukazipita Rwamagana na Kayonza, utafika Ngoma na Kirehe. Leo hizo ni wilaya za Mkoa wa Mashariki. Zamani, msomaji wangu, palikuwa na dola kamili iitwayo Gisaka, chini ya wafalme wa ukoo wa Abagesera. Na Rwanda, iliyoanza kama ufalme mdogo karibu na Ziwa Muhazi, iliiogopa. Hata ardhi hii ya Bwanacyambwe tunayoikanyaga iliwahi kugombaniwa na falme hizo mbili.

Hofu hiyo imehifadhiwa katika kisa cha Robwa. Alikuwa dada wa mwami Ruganzu Bwimba, akaozwa kwa Kimenyi, mfalme wa Gisaka. Ilitabiriwa kwamba mtoto wao angeitia Rwanda mikononi mwa Gisaka. Masimulizi yanasema Robwa, akiwa mjamzito, alijirusha juu ya Rukurura, ngoma ya enzi ya Gisaka, akafa pamoja na mimba yake. Zingatia kwamba katika Kinyarwanda neno ingoma ni ngoma na pia ni utawala. Aliyeiangukia ngoma aliuangukia ufalme wenyewe. Kisa hiki kilisimuliwa na washindi, nami sikichukui kuwa ushahidi wa mahakamani. Lakini jirani dhaifu hatungiwi kisa cha namna hiyo.

Gisaka ilianguka katikati ya karne ya 19, enzi za Mutara Rwogera. Majeshi ya Rwanda yaliikuta nyumba iliyokwisha kupasuka: wana wa ukoo wa kifalme waligombea urithi, na Gihunya, Mirenge na Migongo hazikuwa tena na sauti moja. Tangu hapo machifu waliteuliwa na mwami wa Rwanda.

Wanafunzi huniandikia kwamba Gisaka "iliungana" na Rwanda. Kitenzi hicho hukipigia mstari mwekundu. Kuungana huhitaji hiari ya pande mbili, Gisaka ilitwaliwa. Mwaka 1901, yapata nusu karne baadaye, Rukura, aliyejitambulisha kuwa mzawa wa wafalme wale, aliongoza uasi, na Wajerumani wakamkamata. Watu walioungana kwa ridhaa hawamfuati mtu kama huyo.

Hata hivyo mambo hubadilika. Mwaka 1919 Ubelgiji na Uingereza zilikubaliana Gisaka ikatwe iwe ya Waingereza, waliotaka njia ya reli. Mwami Musinga alilalamika vikali, na eneo likarudishwa Rwanda mwaka 1924. Nchi iliyotwaliwa kwa mikuki sasa ilidaiwa kama kiungo cha mwili.

Ukifika Kirehe, tazama imigongo, michoro ya mistari na pembe inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wenyeji humtaja mwanzilishi wake kuwa Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka.