Mkuki wa Pili

Azande, ambao nchi yao leo imegawanyika kati ya Sudan Kusini, Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati, walikuwa wakijenga maghala yao juu ya nguzo. Ghala la namna hiyo ni zito, na likishajaa ulezi linakuwa zito zaidi. Jua likiwa kali watu hukaa chini yake kivulini, wengine wakicheza bao, wengine wakiwa na kazi za mikono. Mchwa nao hawalali. Hutafuna nguzo polepole, hata za miti migumu, mpaka siku moja ghala zima linaporomoka. Ikitokea kwamba siku hiyo kuna watu chini yake, wanaumia.

Miaka ya 1920 kijana mmoja wa Kiingereza alikwenda kuishi na Azande na kuwauliza maswali kuhusu mambo kama hayo. Aliitwa E. E. Evans-Pritchard, mtoto wa mchungaji wa Kianglikana, aliyesoma historia Oxford kisha akahamia anthropolojia London. Kati ya mwaka 1926 na 1930 alikaa kwao kwa vipindi ambavyo ukivijumlisha ni kama miezi 20. Ghala likianguka, wenyeji walimwambia kuna uchawi. Akadhani hawajui habari ya mchwa. Walijua vizuri kuliko yeye. Walijua pia kwamba wale watu walikaa pale kwa sababu ya joto, wala si kwa sababu ya kurogwa. Walichokuwa wanauliza ni kitu kingine: kwa nini watu hawa, chini ya ghala hili, saa ileile lilipoanguka?

Kwa swali hilo Mwingereza hana jibu. Anayo sababu ya ghala kuanguka na anayo sababu ya watu kukaa pale, lakini hana kinachoziunganisha hizo mbili, kwa hiyo anasema ni bahati mbaya. Mswahili akitulia atasema ajali haina kinga. Asipotulia atasema kuna mkono wa mtu. Azande walikuwa na namna yao ya kulisema jambo hili, iliyotoka kwenye uwindaji. Mnyama akichomwa na mwindaji wa kwanza, kisha wa pili akaongeza mkuki wake, wote wawili wanahesabiwa kuwa wamemuua. Mtu akiuawa na tembo, basi tembo ndiye mkuki wa kwanza, na uchawi ni mkuki wa pili. Hakuna anayemwondolea tembo kosa lake.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, inabidi turudi nyuma kidogo, kwa wale waliokuwa wamejaribu kueleza dini kabla ya huyu kijana kufika Uzande.

Wa zamani kabisa tunayeweza kumtaja kwa jina ni Xenophanes, Mgiriki wa karne ya 6 kabla ya Kristo. Aliona kwamba Waethiopia wana miungu weusi wenye pua bapa, na watu wa Thrace wana miungu wenye macho ya buluu na nywele nyekundu, akakisia kwamba hata ng'ombe wangekuwa na mikono ya kuchorea wangechora miungu wenye sura za ng'ombe. Ni kejeli zaidi kuliko nadharia. Nadharia yenyewe ilichelewa sana. Mwaka 1757 David Hume, Mskoti, alichapisha kitabu kidogo kuhusu historia ya dini kama jambo la asili, akasema chanzo si kustaajabia mpangilio wa ulimwengu, bali hofu na matumaini: njaa, maradhi, kesho isiyojulikana. Mtu mwenye wasiwasi, alisema Hume, huona nyuso mwezini na majeshi mawinguni, na nyuma ya kila nguvu asiyoielewa huweka mwenye nia kama yeye.

Karne moja baadaye akaja Edward Tylor, aliyelelewa katika familia ya Waquaker na ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi. Kitabu chake kikubwa kilitoka mwaka 1871. Hoja yake ilianzia usingizini. Mtu wa kale analala, anamwona marehemu baba yake akizungumza naye, anaamka, anajiuliza: yule niliyemwona alikuwa nani? Anakata shauri kwamba ndani ya mwili kuna kitu kinachoweza kutoka na kutembea, na mwili ukifa chenyewe kinabaki. Kutoka hapo kuna roho za wafu, roho za miti, miungu, na mwisho Mungu mmoja. Ni hoja nzuri, inasomeka vizuri, na Tylor aliijenga kwa ripoti za wamisionari, wasafiri na watawala, akiwa amekaa Uingereza. Alikuwa amesafiri Mexico katika ujana wake, lakini hakuwahi kuishi na wale aliowaeleza.

Evans-Pritchard alikuja kuwacheka kidogo watu wa aina hiyo. Katika mihadhara aliyoitoa Aberystwyth, Wales, mwaka 1962, aliufananisha mtindo wao na mtu anayejiuliza: mimi ningekuwa farasi, ningefanyaje? Mwanazuoni anajiweka katika nafasi ya mtu wa kale, anafikiri kwa kichwa cha profesa, kisha anatangaza kwamba hivyo ndivyo dini ilivyoanza. Ndoto huenda zilileta wazo la roho. Huenda hazikuleta. Hakuna wa kumuuliza.

Yeye alikuwa na watu wa kuwauliza. Siku moja kijana wa Kizande alijikwaa kwenye kisiki katikati ya njia porini, akaumia kidole cha mguu, na kidonda kikatunga usaha. Akasema amerogwa. Evans-Pritchard akabishana naye: hukuangalia unapokanyaga, na kisiki kimeota chenyewe. Kijana akakubali kwamba mchawi hakukiweka kile kisiki. Lakini akasema alikuwa akitembea macho wazi kama kila Mzande anavyotembea, na siku zote haoni shida. Visiki huvipita mamia bila kuvigusa. Tena vidonda hupona haraka. Kwa nini hiki kimegoma? Ukimsoma huyo kijana kwa makini, humwoni mjinga. Unamwona mtu aliyekwisha kupanga sababu zote za kawaida, akabakiwa na kitu kidogo kisichoelezeka.

Na uchawi haukuruhusiwa kueleza kila kitu. Aliyesema uongo, au aliyekamatwa na mke wa mwenziwe, hakupata nafuu kwa kudai amerogwa, wangemcheka. Sheria zilikuwepo, na penye shaka kulikuwa na benge, sumu ya mmea waliyomnywesha kuku huku wakiuliza swali. Kuku akifa ni jibu, akiishi ni jibu, kisha swali linageuzwa na kuku wa pili ananyweshwa ili kuthibitisha. Evans-Pritchard mwenyewe aliweka benge nyumbani kwake na kuitumia katika mambo ya kila siku ya kaya yake. Aliandika kwamba haikuwa njia mbaya ya kuendesha nyumba kuliko nyingine anazozijua.

Kitabu chake kuhusu uchawi wa Azande kilitoka mwaka 1937. Tangu hapo ikawa vigumu kusema kwamba dini na uchawi ni elimu ya wasio na elimu, kitu kitakachotoweka shule zikifunguliwa. Monica Wilson, aliyefanya utafiti wake kwa Wanyakyusa wa kusini mwa Tanganyika na kabla ya hapo kwa Wapondo wa Afrika Kusini, alisimulia habari ya mwalimu wa shule wa Kipondo aliyekubali kabisa kwamba homa ya tifasi huletwa na chawa. Alichotaka kujua ni nani aliyemtuma yule chawa.

Wanasaikolojia walilifikia jambo hilohilo kwa mlango mwingine. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel, wakiwa Smith College, Marekani, walitengeneza filamu fupi isiyo na mtu hata mmoja. Kulikuwa na pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara, na mstatili wenye sehemu inayofunguka kama mlango. Maumbo hayo yalikuwa yakisogea tu. Watazamaji 34 wakaombwa waandike walichokiona. Mmoja pekee ndiye aliyeandika habari za maumbo. Waliobaki waliandika kuhusu mnyanyasaji, mpenzi, mwoga, ugomvi, kukimbizana. Ningependa Hume angeiona ile filamu. Nyuso zake za mwezini zilikuwa zimepata ushahidi. Mwaka 2000 Justin Barrett, Mmarekani, alilipa wazo hilo sura ya kimageuzi: akili zetu zimekaa kwa tahadhari ya kumtambua mwenye nia, kwa kuwa aliyedhani majani yaliyotikisika ni simba na akakimbia bure alipoteza kidogo, na aliyedhani ni upepo, akakosea, hakuacha wajukuu.

Ni maelezo mazuri, ila yanaeleza kustuka, hayaelezi ibada. Mtu akikimbia kichaka na kugundua ni upepo, hamjengei upepo msikiti. Kilichonivutia zaidi ni utafiti wa Cristine Legare na Susan Gelman katika jamii za wasemaji wa Kisotho, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2008. Waliwauliza watoto na watu wazima kuhusu UKIMWI. Maelezo ya virusi na ngono yalikubaliwa na wengi. Ya uchawi nayo yalikuwepo, na hayakupungua kwa umri: watu wazima, waliosikia matangazo yote ya afya, hawakuyaacha. Wengine waliyaunganisha: virusi ndivyo vinavyoua, na mchawi ndiye aliyemweka mgonjwa njiani kwako. Mkuki wa kwanza na wa pili, zaidi ya miaka 70 baada ya Uzande, nchi nyingine kabisa.

Je, kueleza imani ni kuiondoa? Tylor alidhani hivyo. Katika ile mihadhara ya 1962 Evans-Pritchard alisema wazi kwamba wengi wa wale waanzilishi hawakuwa na dini, na walitafuta katika dini za mbali silaha ya kuupiga Ukristo wa nyumbani kwao. Barrett ni Mkristo, wala nadharia yake mwenyewe haimsumbui: Mungu akitaka kujulikana, anasema, si ajabu akaumba akili inayoelekea kumjua.

Evans-Pritchard mwenyewe alipokelewa katika Kanisa Katoliki huko Benghazi mwaka 1944, wakati wa vita. Aliamini kwamba mwanaanthropolojia, kwa kazi yake, hana uwezo wa kusema kama fikra za dini ni za kweli au za uongo. Lakini kuhusu wachawi wa Azande alikuwa ameshaandika mwaka 1937, bila kusita, kwamba kwa jinsi Azande wanavyowaelewa hawawezi kuwepo. Sijaona mahali alipoziweka kauli hizo mbili karibu na kuzipatanisha.