Pampu ya Kwale ilituma SMS kitambo

Kila nikiposti Arduino yangu ikiwasha taa, lazima mtu wa Ukunda aandike: hayo mambo ya Wazungu, we tuletee picha za bichi Diani. Haya, kaeni niwaambie.

Ile pampu ya mkono mnayoijua, Afridev, ilijaribiwa hapa hapa Kwale kusini miaka ya 1980. Iliundwa ili akina mama wa kijijini waifungue wenyewe kwa spana moja, wabadilishe sili, maji yatoke. Bila kungoja mtu wa ofisi.

Lakini ikifa, nani anajua? Bibi yangu kule Msambweni alijua akishafika, ndoo kichwani.

Mwaka 2012 watafiti wa Oxford walichapisha jibu lao. Ndani ya mpini waliweka sensa ya mwendo, jamaa ya ile inayogeuza skrini ya simu yako ukiilaza, pamoja na chipu ya kuhesabu na modemu ya GSM. Mpini ukipanda na kushuka, inahesabu, halafu inatuma SMS. Kitui, pampu mbovu ilikuwa ikikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Zikashuka chini ya 3. Halafu vifaa vikaja Kwale, kwenye mamia ya pampu, na mafundi wa FundiFix wakawa wanafuata ishara.

Kinachoniuma ni kimoja tu. Pampu ni yetu, mikono inayopampu ni yetu, lakini aliyewaza kuweka chipu alitoka Oxford. Na hivyo vipande vyote vitatu viko mezani kwangu saa hii, modemu ya mitumba.

Jumamosi naenda kwa bibi, naufunga mpini wake.